Akiba ya akili, lugha mbili na swali la nyama

Mwaka 1988 Robert Katzman na wenzake walieleza uchunguzi wa ubongo wa wazee 137 waliofariki huko Marekani. Kumi kati yao walikuwa na alama za ugonjwa wa Alzheimer ubongoni, ilhali walipokuwa hai walikumbuka na kufikiri bila shida. Ugonjwa ulikuwapo, dalili hazikuonekana. Hicho ndicho wataalamu, hasa Yaakov Stern, walikuja kukiita akiba ya akili. Mvua ikikata barabara kuu, anayejua vichochoro vya mtaa bado atafika sokoni.

Akiba hiyo hutokana na masomo, kazi, maisha ya watu wengi na, kwa kadiri ya wengine, lugha. Mwenye lugha mbili hana budi kuizuia moja kila anapotumia nyingine, na zoezi hilo huendelea maisha yote. Mjini Toronto, Ellen Bialystok na wenzake (2007) walichunguza wagonjwa 184. Kwa wenye lugha mbili dalili zilichelewa miaka 4.1. Wapinzani wakasema: wengi wao ni wahamiaji, pengine uhamiaji ndio sababu. Jibu lilitoka Hyderabad, Uhindi, mwaka 2013, ambako lugha nyingi ni jambo la kila siku, si la wageni. Suvarna Alladi na wenzake walichunguza wagonjwa 648. Tofauti ilikuwa miaka 4.5, na ilionekana hata kwa wasiojua kusoma. Lugha ya tatu au ya nne haikuongeza kitu (habari mbaya kwetu wa Lubumbashi).

Tusishangilie haraka. Tafiti nyingine, zilizofuata wazee wazima kwa miaka mingi, hazikuona kinga hiyo. Tena akiba haizuii ugonjwa: dalili zinapojitokeza kwa mwenye akiba kubwa, ubongo umekwisha kuharibika sana, naye hushuka upesi kuliko wengine.

Kwetu, swali la kwanza ni kipimo chenyewe. Jaribio moja linalotumika sana humtaka mzee ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Mwaka jana nilimsindikiza nkambo wangu kupimwa. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa; aliyepima akaitafsiri papo hapo: «Nkambo, taja nyama zote unazozijua.» Katika Kiswahili chetu, kama katika Kiluba chake, neno nyama ni mnyama na ni kitoweo pia. Nkambo akataja mbuzi, ng'ombe, nguruwe, kuku, akanyamaza. Mbwa hakumtaja, nani anakula mbwa? Akaandikiwa nne.

Jioni nilimuuliza upya, kwa Kiluba: wa porini na wa nyumbani, wanaoliwa na wasioliwa. Dakika ilipokwisha alikuwa amefika kumi na tisa, na hakutaka kuacha.