Mafiga Matatu ya Moto: Kazi ya Zimamoto na Kazi Yetu Kijijini



Katika somo la leo tutazungumza juu ya moto, na juu ya watu ambao kazi yao ni kuuzima. Someni polepole. Anayesoma vizuri awasomee wenzake. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadiliana.

Tuanze na swali la mzee mmoja. Tulikuwa katika kisomo upande wa ziwani. Mzee alisimama akasema: "Mwalimu, mnatuambia zimamoto, zimamoto. Hilo gari lipo Songea. Nyumba yangu mimi ni ya nyasi. Likifika si litakuta majivu? Basi zimamoto ni ya watu wa mjini, siyo yetu."

Darasa zima lilicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Hata sisi hatukumjibu vizuri siku ile. Mzee alikuwa amesema nusu ya kweli. Leo tutafute nusu iliyobaki.

ZIMAMOTO NI NANI?

Zamani kazi ya kuzima moto katika nchi yetu ilikuwa chini ya halmashauri za miji. Kila mji ulijitegemea, wenye gari na usio na gari. Sheria ya mwaka 2007 ilileta chombo kimoja kwa nchi nzima. Chombo hicho ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Askari wake wana vyeo, kuanzia konstebo, koplo na sajini, hadi Kamishna Jenerali anayeongoza jeshi lote. Katika mkoa wetu wa Ruvuma, ofisi ya mkoa ya jeshi hilo ipo Songea.

Watu wengine hufikiri kwamba askari hawa hukaa tu wakingoja moto. Eti wanalipwa kwa kulala! Si kweli. Hebu tutazame kazi zao.

Kwanza, hukaa zamu usiku na mchana. Wanaoingia zamu hukagua gari, maji, mipira ya maji, ngazi, na mitungi ya hewa wanayobeba mgongoni ili waweze kupumua ndani ya moshi. Pia hufanya mazoezi, maana kumtoa mtu mzito ndani ya nyumba yenye giza na moshi si kazi ya kubahatisha.

Pili, huzima moto.

Tatu, huokoa watu. Mtu aliyebanwa ndani ya gari lililopinduka, aliyetumbukia kisimani au chooni, aliyefukiwa na kifusi au aliyezama majini, wote ni kazi yao. Ndiyo maana jina lina neno "Uokoaji".

Nne, hukagua majengo kama shule, maduka, maghala na vituo vya mafuta. Huangalia kama kuna mlango wa kutokea na mtungi wa kuzimia moto.

Tano, hufundisha watu. Kazi hii haionekani sana, lakini huenda inaokoa watu wengi kuliko zote. Moto usiowaka hauhitaji gari.

HESABU YA MAJI

Mara nyingi gari la zimamoto likifika, watu hupiga kelele: "Wamekuja bila maji!" Mahali pengine hata mawe hurushwa. Ndugu zetu, tufanye hesabu kabla ya kuokota jiwe.

Tuseme gari limebeba lita 5,000. Hizo ni ndoo 250 za lita 20. Tuseme mpira unatoa lita 500 kwa dakika. Gawanya 5,000 kwa 500. Jibu ni 10. Kwa hiyo baada ya dakika 10 gari ni tupu. Anayefika dakika ya kumi na moja huona askari wamesimama na mpira mkavu, naye husema hawakuja na maji. Kumbe walikuja nayo, yakaisha. Sasa gari lazima likajaze. Litajaza wapi? Kama kijiji hakijui mahali penye maji ambapo gari linaweza kufika, hapo ndipo nyumba huteketea.

HESABU YA NJIA

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kilomita 100 hivi. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, litatumia saa moja na dakika 40. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi. Siku hizi barabara ni ya lami, lakini inateremka milima yenye kona kali. Hapo weka zaidi ya saa moja.

Nyumba ya nyasi haingoji saa moja. Huungua kwa dakika chache tu. Basi mzee wetu alisema kweli: gari peke yake haliwezi kuiokoa nyumba yake.

Lakini hesabu haijaisha. Chukua watu thelathini, wapange mstari kutoka ziwani hadi kwenye moto. Ndoo zipite mkono kwa mkono. Wakifikisha ndoo 10 kwa dakika, hizo ni lita 200 kila dakika. Ni chache kuliko lita 500 za gari. Lakini zinaanza mapema, na ziwa haliishi kwa dakika 10. Moto mdogo huzimwa na ndoo mbili. Moto huohuo baada ya robo saa hushinda gari zima.

MAFIGA MATATU

Ili kupambana na moto ni lazima tujue unaishi kwa nini. Moto ni kama chungu juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kitu kinachoungua: nyasi, nguo, petroli. Figa la pili ni hewa. Figa la tatu ni joto. Ondoa figa moja, chungu kinaanguka. Yaani moto unakufa.

Kumwaga maji ni kuondoa joto. Kufunika kwa mchanga au blanketi bichi ni kuondoa hewa. Kufyeka nyasi kuzunguka nyumba ni kuondoa kitu cha kuungua. Askari wa zimamoto wana mashine nzuri, lakini nao hufanya mambo hayohayo matatu.

Sasa angalieni sana hapa, maana makosa huua:

1. Mafuta ya kupikia yakiwaka kwenye sufuria, usimwage maji. Maji yataruka pamoja na moto. Funika sufuria kwa mfuniko au kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kisha ondoa moto chini yake. Usiinyanyue sufuria.

2. Petroli ikiwaka, maji hayafai. Petroli huelea juu ya maji na moto husafiri nayo. Tumia mchanga. Ndugu zetu wavuvi wenye injini, tunawaomba: dumu la petroli lisilale chumba kimoja na watoto, wala karibu na jiko au kibatari.

3. Umeme ukileta moto, kata umeme kwanza kwenye swichi kuu. Usimwage maji.

4. Nguo za mtu zikiwaka, asikimbie. Kukimbia ni kuuongezea moto hewa. Alale chini, ajiviringishe. Wengine wamfunike kwa blanketi au kitenge kizito cha pamba.

5. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, yawe yanatiririka, kwa muda wa dakika 20. Asipakwe mafuta, dawa ya meno wala udongo. Kisha apelekwe zahanati.

TUJIFUNZE KWA WENZETU

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu wengi walikimbilia pale na madumu kuchota petroli. Moto ulilipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Malori ya mafuta hupita barabara zetu pia. Likipinduka lori, mwenye akili hukimbilia mbali, tena huwazuia watoto.

Mfano wa pili ni wa majini. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Kumi na tisa walikufa. Miongoni mwa waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima kwa kushiriki kuwaokoa abiria, na Rais akaagiza aajiriwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hapo tunaona jambo kubwa: anayeanza kuokoa ni jirani. Askari humkuta kazini.

Lakini kuna uokoaji unaoua. Mtu akizidiwa ndani ya kisima au shimo la choo, mwenzake humfuata, naye huanguka. Wa tatu hufuata. Mle ndani huenda kuna hewa mbaya, na hewa mbaya haina harufu siku zote. Usishuke. Piga simu, mteremshie kamba kama anaweza kuishika, zuia wengine.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Milimani, Wamatengo wana kilimo cha ngoro. Nyasi hufyekwa, hupangwa, halafu hufukiwa kwa udongo zioze ziwe mbolea. Hazichomwi. Babu zetu walijua kwamba anayechoma nyasi huchoma chakula cha ardhi. Basi anayetia moto pori wakati wa kiangazi, upepo ukiwa mkali, asiseme ni desturi. Mashamba ya kahawa ya majirani huungua, na hata nyumba.

Kila kijiji kinaweza kufanya mambo haya bila kungoja fedha:

Fyekeni nyasi kuzunguka kila nyumba. Jengeni jiko na kichanja cha kubanikia samaki mbali na nyumba ya nyasi, upande ambao upepo hautaleta cheche. Zimeni kibatari kabla ya kulala. Wekeni ndoo ya mchanga na mtungi wa maji mlangoni.

Msiwafungie watoto ndani kwa kufuli mnapokwenda shambani au kuvua usipa usiku. Tunalisema hili kwa uchungu. Mtoto aliyefungiwa hawezi kufungua mlango, na jirani hana ufunguo. Mwachie jirani mtoto, au angalau mwachie ufunguo.

Mkutano wa kijiji uchague watu wa kuongoza siku ya moto. Nani atapiga kengele au ngoma? Nani ataongoza mstari wa ndoo? Nani atahesabu watu waliotoka? Nani atasimama barabarani kulielekeza gari? Na gari litachota maji wapi? Yote yajulikane kabla.

SIMU 114

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Haina malipo. Iandikeni ukutani kwa mkaa, watoto waisome. Ukipiga, sema mambo matano:

1. Ni mahali gani: wilaya, kata, kijiji, kitongoji, na alama kama shule au kanisa.
2. Ni tukio gani.
3. Je, kuna watu ndani?
4. Gari lipite njia gani?
5. Jina lako na namba yako.

Usikate simu kwanza. Ngoja uulizwe. Na usiipige kwa mchezo, maana gari likienda kutafuta uongo, mwenye shida ya kweli anakosa msaada. Piga mapema, hata kama unadhani mtauzima wenyewe. Gari kurudi njiani si hasara.

JIBU LA MZEE

Sasa turudi kwa mzee wetu. Gari likitoka Songea litakuta nyumba yake ni majivu. Ni kweli. Lakini huenda likaikuta nyumba ya jirani bado imesimama, kwa sababu watu walilowesha paa lake. Huenda likamkuta mzee mwenyewe yu hai, kwa sababu alitoka mapema na hakurudi kuchukua godoro. Mali hutafutwa, roho haitafutwi.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Hawakungoja gari kutoka mjini. Na sisi leo tunayo kalamu, tunayo simu, tunayo ndoo. Zimamoto ni yetu pia, lakini huanzia mlangoni petu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Uokoaji: kazi ya kumtoa mtu katika hatari.
Zamu: muda wa mtu kuwa kazini kabla ya kupokewa na mwenzake.
Kifusi: mawe, matofali na udongo wa jengo lililobomoka.
Kuteketea: kuungua kabisa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja mafiga matatu ya moto. Maji huondoa figa lipi? Mchanga je?
2. Gari lina lita 6,000. Mpira unatoa lita 400 kwa dakika. Maji yataisha baada ya dakika ngapi?
3. Katika kitongoji chenu, gari la zimamoto linaweza kuchota maji wapi? Njia ya kufika hapo inapitika masika?
4. Ni nyumba ngapi hapa kwenu ambazo watoto hufungiwa ndani? Tutafanya nini?
5. Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kijiji. Omba jambo la moto liwekwe katika ajenda za mkutano ujao.