Kufuata Nasaba ya Ukoo: Tangu Mjukuu Hata Mhamiaji wa Kwanza

Wasomaji wetu wajua kwamba koo za mlima huu hazikuota hapa kama miti ya msituni. Ukiwauliza wazee wa Machame, au wa Moshi Kuu, au wa Marangu, hata wa Rombo, kila mmoja atakuambia kwamba babu wa babu zake alitoka mahali: huyu Ukambani, huyu Taita, huyu Upare au Usambara, na mwingine atasema alitoka kwa Wamasai. Kilimanjaro ni nchi ya wahamiaji. Siku hizi vijana waliozaliwa Dar es Salaam, na wengine waliozaliwa ng'ambo, hutujia wachungaji na kuuliza: Ukoo wetu ulianzia wapi? Nao hutaka jibu upesi, maana mara nyingi swali hilo huletwa majuma mawili tu kabla ya arusi, wakati mtu amekwisha kunong'ona kwamba bwana na bibi arusi ni wa damu moja. Basi somo hili ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wainjilisti na wazee wa kanisa, ambao huulizwa kabla yetu.

Tuanze na mfano wa mbali, kwa kuwa mfano wa mbali hauamshi ugomvi wa mpaka wa kihamba. Katika karne ya 17 Waholanzi walikuwa na koloni huko Marekani, na mji wake mkubwa uliitwa Nieuw Amsterdam. Waingereza walipoutwaa mwaka 1664 wakauita New York. Katika siku za Waholanzi alihamia huko mtu mmoja, jina lake Claes Maartenszen van Rosenvelt. Maana yake ni hii tu: Claes, mwana wa Maarten, wa Rosenvelt. Halikuwa jina la ukoo kama tulivyozoea sasa, kwa sababu Waholanzi wengi wa siku zile walimwita mtoto kwa jina la baba yake, hata jina la pili likageuka katika kila kizazi. Hayo si mageni kwetu. Mangi Meli alijulikana kuwa mwana wa Rindi, na mtoto wa Meli angejulikana kwa jina la Meli.

Claes alimzaa Nicholas, aliyebatizwa mwaka 1658, na huyo ndiye aliyelishika jina la Roosevelt. Nicholas akawazaa Johannes na Jacobus. Katika uzao wa Johannes alitoka Theodore Roosevelt, rais wa Marekani tangu 1901 hata 1909, yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 akaja kuwinda katika nchi zetu. Na katika uzao wa Jacobus alitoka Franklin Roosevelt, aliyekuwa rais tangu 1933 hata alipokufa mwaka 1945. Franklin alimwoa Eleanor mwaka 1905, naye Eleanor alikuwa binti wa ndugu yake Theodore, Roosevelt kwa kuzaliwa. Kwetu wazee wengi wa ukoo wangeirudisha posa ile pamoja na pombe yake.

Watu walijuaje hayo yote? Sababu kubwa ni kitabu cha kanisa. Kanisa la Waholanzi la Nieuw Amsterdam lina orodha ya ubatizo tangu mwaka 1639, yenye majina ya mtoto, wazazi na mashahidi. Tena Waholanzi walikuwa na desturi njema: mwanamke aliandikwa kwa jina lake mwenyewe na la baba yake, wala hakumezwa na jina la mumewe. Ndiyo sababu mke wa Claes ajulikana hata leo kwamba aliitwa Jannetje. Nasi Walutheri tuna neno letu katika kitabu kile. Chini ya Gavana Stuyvesant Walutheri walikatazwa ibada yao ya hadhara. Mchungaji wao Gutwasser alifika mwaka 1657, akafukuzwa mwaka 1659. Kwa hiyo watoto wao walibatizwa katika kanisa la wengine, na asomaye majina yao leo asidhani kwamba kila aliyeandikwa pale alikuwa wa imani ile.

Walakini mwulize mwenye nasaba hii, Maarten alikuwa nani, na Rosenvelt ni mahali gani? Wengi huelekeza Zeeland, upande wa kusini magharibi wa Uholanzi. Lakini hati ya kumfunga Claes na kijiji chake haikupatikana. Watu waliotoa marais wawili, wenye fedha na wataalamu, waishia ufukoni. Nasaba ya mhamiaji hukatika pale alipovuka. Mtu wa mlimani akijua hayo hataona haya ikiwa nasaba yake yakatika penye mto Pangani au penye vilima vya Taita.

Sasa turudi kwetu. Mathayo aanza na Ibrahimu akashuka mpaka kwa Yusufu, bali Luka, katika sura ya tatu, aanza na Yesu akapanda mpaka kwa Adamu. Atafutaye nasaba na afuate njia ya Luka. Aanze na yeye mwenyewe, apande kwa baba, kwa babu, kwa baba wa babu, ngazi moja moja, wala asikanyage ngazi ya juu kabla ya kuijaribu ya chini. Wengi hufanya kinyume: husikia kwamba ukoo ulianzishwa na mtu fulani aliyetoka Ukambani, kisha huteremka wakitafuta njia ya kujiunga naye. Atafutaye hivyo hakosi kujiunga, lakini huenda amejiunga na watu wa mwingine.

Majina yenyewe ni msaada, ukiijua desturi. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Waholanzi walifanya vivyo hivyo. Tazama mstari wa Franklin: Isaac aliyezaliwa 1726, mwanawe James 1760, mwana wa huyo Isaac 1790, na mwana wa huyo James 1828, aliyemzaa Franklin. Isaac, James, Isaac, James. Basi ukisikia jina moja mara mbili katika orodha ya mzee, usimwambie kwamba amesahau na kurudia. Huenda ni babu na mjukuu. Lakini hatari nayo iko, maana asikiaye kwa haraka huwafanya wawili kuwa mtu mmoja, na vizazi viwili hupotea.

Hesabu ya miaka nayo husaidia. Tangu Nicholas hata Theodore ni hatua sita kwa miaka 200, yaani miaka 33 kwa kila hatua. Na hata Franklin ni hatua sita kwa miaka 224, yaani miaka 37. Kwa hiyo mzee ahesabuye majina kumi juu ya kijana wa leo amefika miaka mia tatu na zaidi iliyopita, na hilo si jambo dogo. Lakini angalia kwamba majina hayo ni ya baba na mwana. Orodha ya wamangi siyo nasaba, kwa kuwa mara nyingine ndugu alimfuata ndugu katika kiti. Tena neno baba kwetu ni pana: baba mkubwa ni baba, baba mdogo ni baba, na mtu aliyemrithi mjane wa nduguye aliitwa baba na watoto wa marehemu. Uliza daima: Ni baba aliyemzaa, au ni baba aliyemlea?

Mzee asiyejua mwaka anajua mambo yaliyotokea, na rika gani lilitahiriwa wakati huo. Rebmann aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, akafika Kilema kwa mangi Masaki. Rindi wa Moshi alikufa mwaka 1891. Meli aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, akanyongwa tarehe 2 Machi 1900. Gari la moshi lilifika Moshi mwaka 1911, na Waingereza waliingia Machi 1916. Hizo ni mambo za kufungia kamba. Mwambie mzee, Baba yako alikuwa na ukubwa gani Meli aliponyongwa, kama alivyosimuliwa? Hapo utapata mwaka wa kuzaliwa kwa kukadiria, na mara nyingi hautakosea sana.

Kisha njoo penye vitabu. Wamisionari wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, Mamba 1894, na Moshi 1896. Afunguaye vitabu vya zamani na akumbuke mambo matatu. Kwanza, Wajerumani waliandika kwa masikio yao: Moschi, Madschame, Kiboscho, atafutaye kwa herufi za leo hataona kitu. Pili, Moshi ya kabla ya reli ni Moshi Kuu kule juu, wala siyo mji wa leo. Tatu, mtu mzima alipobatizwa alipata jina jipya, la Biblia au jina lenye kumtaja Mungu, naye nyumbani wakaendelea kumwita kwa jina la kale. Basi mtu mmoja huonekana wawili. Na ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuwa na majina mbalimbali, kwa sababu mmoja shuleni alitoa jina la baba na mwingine jina la ukoo. Tena usiupite mlango wa parokia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwako Kilema na Kibosho tangu karne ile ile, na bibi yako huenda ameandikwa kwao.

Mwalimu Nathaniel Mtui wa Marangu alikwenda kwa wazee akaandika habari zao katika madaftari, na Dundas katika kitabu chake cha 1924, na Bibi Stahl katika kile cha 1964, walitumia kazi yake. Wote watatu waliandika zaidi habari za wamangi. Mtu wa ukoo usio wa kimangi asitazamie kumkuta babu yake humo, bali atakuta vita na njaa na miaka ya kufungia kamba.

Habari ya asili ya mbali nayo isitupwe, ila ipimwe. Kichaga ni jirani wa karibu wa Kigweno cha Upare ya kaskazini, na kina udugu na lugha za Taita. Hayo yathibitika kwa maneno yenyewe. Lakini udugu wa lugha haukuambii babu yako alipita njia ipi. Tena wageni walipokelewa ndani ya koo, wakapewa mahali pa kupanda migomba, na wajukuu wao wakalichukua jina la mwenyeji. Ezra 2 yataja mtu aliyeoa katika binti za Barzilai akaitwa kwa jina la watu wa mkewe. Na walipotafuta maandiko yao hawakuyaona, wakaondolewa katika ukuhani. Karatasi moja ilipungua, na kazi ya nyumba nzima ikakoma.

Kwa hiyo andika na mama. Mathayo mwenyewe, katika orodha ya wanaume, aliwaweka Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Orodha nyingi za mlimani nilizoonyeshwa hazina mwanamke hata mmoja, nazo ndizo huletwa kuamua kama watu wawili waweza kuoana! Undugu wa upande wa mama hauonekani kabisa katika karatasi ya namna hiyo. Waulize bibi na mashangazi. Wao wajua nani alitoka boma gani, na mahari ilipelekwa wapi, wala hawaoni sababu ya kuupamba ukoo wa waume zao.

Uandikapo, kando ya kila jina weka jina la aliyekuambia, na mahali, na tarehe. Kilichosomwa kitabuni kiwe na alama yake, na kilichosimuliwa kiwe na alama nyingine. Fanya nakala mbili: moja ikae nyumbani, nyingine mpe ndugu akaaye mbali, maana mchwa wa nyumba moja hawavuki mto.