Mwanga wa Taa kwa Miche ya Mboga

Mbegu ya nyanya huweza kuota gizani, kwa kuwa hubeba ndani yake akiba ya chakula. Lakini akiba hiyo ni ndogo. Mche ukishatokeza juu ya udongo hauna budi kujitengenezea chakula kwa usanisinuru, na kazi hiyo haifanyiki bila mwanga. Mche uliokosa mwanga hurefuka upesi. Shina huwa jembamba na majani hugeuka manjano. Mwishowe huanguka, na mbegu iliyonunuliwa hupotea bure.

Wengi hudhani kwamba mwanga unaomtosha mtu kusoma huutosha mche pia. Hapa jicho hudanganya, maana mboni hupanuka mwanga unapopungua. Jua la saa sita mchana hutoa karibu luksi 100,000. Juu ya meza ya ofisi yenye taa nzuri hupatikana luksi 500 hivi, yaani sehemu moja kwa 200.

Taa ipi basi ichaguliwe? Balbu ya zamani yenye uzi unaowaka hugeuza takriban asilimia 5 tu ya umeme kuwa mwanga. Sehemu kubwa iliyobaki huwa joto, nalo huweza kuunguza majani. Taa ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga sawa na balbu hiyo ya wati 60. Kwa hiyo wati hupima umeme unaotumika. Mwanga utokao kwenye taa hupimwa kwa lumeni.

Kuhusu rangi, klorofili hufyonza zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Taa nyeupe ya LED ina rangi hizo zote mbili, hivyo yatosha.

Umbali nao ni muhimu. Kwa balbu moja, umbali ukiongezwa mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Taa ya LED hutundikwa sentimeta 15 hivi juu ya miche, ikapandishwa kadiri miche inavyokua. Iwashwe saa 14 hadi 16 kila siku. Nyanya zikimulikwa usiku na mchana mfululizo, majani yake hudhurika.

Kabla ya kupandikizwa, miche hiyo izoeshwe jua kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Jaribio

Chukua trei mbili za miche ya nyanya iliyotokeza siku moja, na balbu mbili za LED zilizo sawa. Katika chumba chenye giza, tundika balbu moja sentimeta 15 juu ya trei ya kwanza, na nyingine sentimeta 60 juu ya trei ya pili. Tenganisha trei kwa ubao. Mwagilia sawasawa, kisha baada ya siku 14 pima urefu na unene wa mashina.

Maswali

1. Trei ya pili hupata sehemu gani ya mwanga unaoifikia ya kwanza?
2. Kwa nini mche mrefu zaidi si lazima uwe ndio wenye afya zaidi?