SOMO LA MSIMU: KOMPYUTA YA HESABU ZA TAWI



Baadhi ya matawi yametuuliza ni kompyuta ya namna gani ifaayo kuwekea hesabu za msimu. Tumeona ni vyema tujibu kwa somo hili ili faida iwafikie wote. Jambo kubwa tutakalo mlishike ni hili: kompyuta ikiharibika hununuliwa nyengine, lakini hesabu za wachumaji zikipotea hazina duka.

1. KUCHAGUA. Kabla ya kwenda dukani, andikeni kazi mnayoitaka. Kazi ya tawi ni majina, pishi za karafuu mbichi, kilo za karafuu kavu, malipo na barua. Kazi hiyo haihitaji mashine ya fahari. Yatosha yenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 256. SSD haina sahani inayozunguka ndani, basi hustahamili mitikisiko ya njiani kuliko diski za zamani. Twapendelea kompyuta ya mpakato kuliko ya mezani, kwa sababu ina betri. Umeme ukikatika mtu hupata nafasi ya kuhifadhi kazi yake. Mkiletewa iliyokwisha tumika, ulizeni kama yaweza kupokea Windows 11, maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025.

2. KUIWEKA. Ghala la karafuu si mahali pa kompyuta. Vumbi na unyevu huiua. Iwekeni juu ya meza kavu, mbali na dirisha, wala msiitie juu ya godoro au jamvi, kwani matundu yake ya hewa yataziba. Umeme wetu ni wa volti 230, nao aghalabu hupanda na kushuka. Tumieni kifaa cha kulinda umeme, na radi zikianza chomoeni waya. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri, asilibandike ukutani.

3. KUITUMIA. Programu ya LibreOffice hupatikana bila malipo, na ndani yake mna majedwali ya hesabu. Safu A andikeni jina la mchumaji, B pishi zake, C malipo ya pishi moja. Katika chumba cha D2 andikeni =B2*C2. Kwa mfano, pishi 12 kwa shilingi 1,000 zitatoa 12,000 papo hapo. Lakini jihadharini! Mkiandika 21 mahali pa 12, mashine itazidisha 21 bila ya kuona haya. Kwa hiyo msomeeni mchumaji pishi zake kwa sauti, naye akubali, kabla ya kumlipa.

4. NAKALA. Kila jioni nakilini hesabu katika flashi, na flashi hiyo ilale nyumba nyengine, si mkoba mmoja na kompyuta. Isiazimwe kwa nyimbo wala picha, maana hurudi na virusi. Tena kila wiki chapeni karatasi na kuzitia jaladani. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka waya wa baharini ulipoharibika Disemba 2009, kisiwa kikakaa bila umeme miezi kama mitatu. Hakuna betri ya kudumu muda huo, lakini karatasi husomeka hata kwa kandili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Kompyuta yenu ikiibiwa usiku wa leo, kesho mtamlipa mchumaji kwa hesabu ipi?
2. Nakala ya flashi inalala kwa nani, na nani mwengine ajuaye?
3. Mchumaji asiyejua kusoma atahakikishaje pishi zake?

Tawi lisiloweza kujibu swali la kwanza na lianze na fungu la nne kabla ya kununua chochote.

Katibu