FUNDISHO: WANAWALI KUMI KATIKA NGUO YA KUFUMWA

Someni kwanza Mathayo 25:1-13.



Katika nchi ya Norwei liko bonde liitwalo Gudbrandsdal. Mwaka 1537 mfalme aliiingiza nchi hiyo katika imani ya Kilutheri. Na katika miaka ya 1600 na 1700 watu wa bonde lile walifuma nguo nzito za sufu za kutandika vitandani. Picha waliyoipenda sana ni ya wanawali kumi: wenye busara katika safu ya juu, taa mikononi, wapumbavu katika safu ya chini, wakilia, leso zao usoni.

Kazi hiyo yaweza kufunzwa hata leo kwa kiunzi kidogo kilichosimama. Nyuzi imara huvutwa toka juu hata chini, ndizo mtande. Mfumaji hupitisha uzi wa sufu mbele ya uzi mmoja na nyuma ya wa pili, na akirudi hubadili, ndio mshindio. Rangi moja haivuki nguo yote, bali hufika mpaka wa sehemu yake katika picha, kisha hurudi. Halafu mshindio hushindiliwa hata mtande usionekane tena. Mwanafunzi huvuta mno mshindio, na upana wa nguo hupungua. Dawa yake ni kuulaza uzi kama upinde kabla ya kuushindilia.

Lakini liko kosa jingine lisiloonekana upesi. Katika nguo nyingi yalifumwa maneno pamoja na mwaka. Mfumaji asiyejua herufi aliinakili nguo ya zamani kwa macho tu. Aliyemfuata akainakili nakala yake. Basi katika baadhi ya nguo hizo herufi zimegeuka kinyume, wala maneno hayasomeki. Mikono ilikuwa hodari na rangi ni nzuri, lakini habari imepotea.

Enyi walimu, na tujihoji. Mimi mwenyewe nilimpa kipaimara kijana aliyejibu Katekisimo yote pasipo kukosa neno. Baadaye nilimwuliza maana ya yale mafuta ya wanawali, akanyamaza. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu, kwa kuwa nilimsikiliza nisimwulize. Naye kesho atawafundisha watoto wake kwa nakala niliyompa mimi.

Tazameni tena ile picha. Wapumbavu nao walikuwa na taa, na kwa nje taa zote ni sawa. Tofauti ilijulikana usiku wa manane, Bwana arusi alipokuja. Na saa ile hapakuwa na nafasi ya kujifunza.

Maswali ya kuulizana:
1. Kwa nini wenye busara hawakuweza kuwagawia wenzao mafuta?
2. Ni maneno gani ya imani unayoyasema kila siku bila kuyafahamu?
3. Mwezi huu utamwuliza nani maana yake?