Sigara Katika Wadi ya Afya ya Akili: Mweleze Daktari Mapema

Ukitoka Timau kumpeleka jamaa yako kulazwa kwa ugonjwa wa akili, iwe Meru mjini au Mathari kule Nairobi, fahamu kwamba hataruhusiwa kuvuta sigara humo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza uvutaji katika maeneo ya umma, zikiwemo hospitali, na wadi ya akili ni hospitali kama nyingine.

Familia nyingi huona huo ni ukatili, na wengine huficha pakiti ndani ya sweta wanapokwenda kumwona mgonjwa. Wapo pia wanaohofia fujo wadini. Hospitali za akili za kusini mwa London zilipiga sigara marufuku hadi uani Oktoba 2014, na visa vya watu kushambuliwa vilipungua kwa asilimia 39. Si ajabu: wadini, kuombana sigara huzaa ugomvi.

Jambo kubwa hasa ni dawa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje haraka baadhi ya dawa za akili, hasa klozapini na olanzapini, kwa hiyo mvutaji huhitaji dozi kubwa zaidi. Akiacha ghafla, dawa ile ile huanza kujaa mwilini, mara nyingi ndani ya wiki moja. Atasinzia kupita kiasi, atatokwa na mate, atapata kizunguzungu, na kwa klozapini anaweza hata kupata kifafa. Daktari akijua mapema, atapunguza dozi. Basi siku ya kulazwa, sema wazi: anavuta sigara ngapi kwa siku, na ya mwisho alivuta lini. (Wanaotafuna miraa huku wakivuta, hesabuni zote.)

Siku za kwanza mgonjwa anaweza kukosa usingizi na kuwa na hasira. Uliza kama kuna vibandiko au chingamu za nikotini. Hizi haziharibu hesabu ya dozi, kwani kinachovuruga dawa ni moshi, si nikotini.

Hatari hugeuka siku ya kurudi nyumbani. Akiwasha sigara tena na dozi imeshapunguzwa, dawa itapungua mwilini na ugonjwa unaweza kurudi. Usimwongezee vidonge mwenyewe, wala usimfiche muuguzi kwa kuona aibu. Mrudishe kliniki mara moja, hata kama tarehe yake bado.