Nunua Mwangaza, Usinunue Inchi

Nyumba nyingi za Moba-Port, hapa Kongo, zinatazama ziwa, na ziwa liko mashariki. Jua la saa moja asubuhi halizuiwi na kitu: limeshachomoza juu ya maji, linaingia dirishani likiwa bado chini, na maji nayo yanarusha mwanga mwingine hadi darini. Alasiri jua limehamia nyuma, upande wa miinuko ya Kirungu, nalo linapenya madirisha ya magharibi. Siku nzima mlango wa mbele uko wazi, kwa joto na kwa majirani wanaoingia. Mtu asiyeikumbuka sebule yake akiwa dukani Kalemie au Kigoma atarudi na televisheni kubwa inayoonyesha dirisha kuliko inavyoonyesha mpira.

Ushauri wangu ni huu: ukiwa na dola 250 hadi 400, zilipie mwangaza wa kioo kabla ya ukubwa wake. Inchi 43 inayong'aa vizuri itakufaa kuliko inchi 55 iliyofifia.

Lakini kabla ya kutoa hata dola moja, kaa sebuleni kwako saa mbili asubuhi, kisha tena saa tisa alasiri. Hiyo saa tisa nimeitaja kwa makusudi. Saa za Moba ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo mechi ya Simba au Yanga inayoanza saa kumi kule, kwako inaanza saa tisa, jua likiwa kali. Tazama ukuta gani hauangaliani na dirisha wala mlango. Huo ndio ukuta wa televisheni. Ukiiweka ikitazamana na dirisha, kioo kitarudisha mwanga wote machoni pako. Ukiiweka mbele ya dirisha, jicho litajikaza kwa sababu ya mwanga wa nyuma na picha itaonekana nyeusi hata kama si nyeusi. Mahali pazuri ni ukuta wa pembeni, dirisha likiwa kushoto au kulia kwake. Pazia zito la kitenge kilichokunjwa mara mbili, au paa la baraza lililosogezwa mbele kidogo, linaweza kukupa nafuu ambayo ungeilipia dola mia dukani. Ukuta unaotazamana na kioo usipakwe rangi nyeupe inayometa.

Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti. Televisheni nyingi za bei ya chini hutoa niti 200 hadi 300, na usiku zinatosha kabisa. Kwa sebule yenye mlango wazi mchana, anzia 400. Kama una madirisha mapana ya vioo, tafuta 500 na zaidi. Ugumu ni kwamba katoni haisemi namba hiyo. Katoni inasema 4K, inasema HDR, inachora rangi za kupendeza. Hiyo alama ya HDR inakuambia kwamba televisheni inaweza kupokea picha za aina hiyo, zenye tofauti kubwa ya mwanga na giza. Haikuambii kama ina nguvu ya kuzionyesha zinavyostahili. Andika namba ya modeli kama ilivyo nyuma ya televisheni, herufi kwa herufi, uitafute kwenye intaneti. Waamini waliopima kwa kifaa kuliko tangazo la kiwanda.

Kuhusu 4K, usiilipie peke yake. Kwa inchi 43, mtu aliyekaa zaidi ya mita mbili ni vigumu atofautishe 4K na picha kamili ya HD, na chaneli nyingi za dishi hazifiki hata huko. Ni kweli televisheni zenye mwangaza mzuri siku hizi huja na 4K ndani yake. Basi ipokee, ila isikuongoze. Zile za OLED, ambazo weusi wake ni weusi hasa, ziache kwa wenye vyumba vya giza na fedha nyingi. Picha nzima ikiwa nyeupe, kama uwanja wenye jua, mwangaza wake hushuka, na nembo ya chaneli inayokaa pale pale miezi na miezi inaweza kuacha alama ya kudumu.

Kuna jambo ambalo washauri wa nchi nyingine hawaliweki mbele, nalo kwetu lina uzito mkubwa. Wao huandika kwa ajili ya watu wawili kwenye kochi moja mbele ya kioo. Kwenye sebule zetu viti vinazunguka kuta zote, watoto wako chini, vijana wamesimama mlangoni. Nusu ya watazamaji wanaangalia kwa pembeni. Paneli za aina ya VA zina weusi mzito zikitazamwa kutoka mbele, lakini ukisogea pembeni rangi zinapauka. Paneli za aina ya IPS zina weusi dhaifu zaidi, ila aliye pembeni anaona karibu sawa na aliye katikati. Sasa, mchana mwanga wa sebule unaufuta ule weusi mzito wa VA, kwa hiyo faida yake unaipata usiku tu, taa zikizimwa. Kama nyumba yako hukusanya watu siku za mechi, ningekwambia chukua IPS bila kusita. Kama ni wewe na mwenzako mnaotazama filamu usiku, chukua VA.

Dukani, usikubali kuamua kwa picha za maua na samaki zinazozunguka kwenye kioo. Televisheni za maonyesho huwekwa kwenye hali ya duka, rangi zikiwa zimepandishwa hadi mwisho. Nenda na flashi yako yenye vipande viwili: mchezo wa mpira wa mchana na filamu yenye usiku ndani yake. Kisha mwombe muuzaji kwa upole: "Papa, tusogeze hii karibu na mlango, niione kwenye mwanga." Muuzaji anayejiamini hatakataa. Ikiwa bado imezimwa, washa tochi ya simu uielekeze kwenye kioo. Ukiona duara kali la mwanga, kioo hicho kitakurudishia dirisha lako jinsi lilivyo. Ukiona mwanga umesambaa kama ukungu, ngozi ya kioo inaupunguza, na hiyo ndiyo unayoitaka. Iwashe, tazama ile filamu ya usiku: je, sura za watu bado zinaonekana? Sogea pembeni kabisa, tazama tena. Mwisho chuchumaa, utazame kutoka chini kama mtoto anayekaa kwenye mkeka.

Halafu umeme. Moba nyumba nyingi zinaishi kwa sola au jenereta, na mwangaza unakula umeme, kwa hiyo hesabu ifanyike kabla ya safari. Inchi 43 ya wati 80, pamoja na dekoda ya wati 15 na hasara ya inveta, inavuta kama wati 110. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Hiyo ni karibu saa tano na nusu. Inchi 55 ya wati 130, pamoja na dekoda na inveta hiyo hiyo, itaimaliza nusu hiyo ndani ya saa tatu na nusu. Habari njema ni kwamba mchana, pale unapohitaji mwangaza wote, jua hilo hilo linalokusumbua sebuleni liko juu ya paneli zako za sola likileta umeme. Unakula wa paneli, hugusi sana betri. Kwa hiyo mchana, zima hali ya kuokoa umeme na upandishe mwangaza wa nyuma. Magharibi ikifika, ushushe hadi nusu. Betri itakwenda mbali zaidi, macho yatapumzika, na taa za ndani ya kioo, ambazo ndizo huungua mapema zikichoshwa, zitaishi zaidi.

Inveta iwe ya wimbi safi. Zile rahisi zinaweza kuitia televisheni mtetemo wa sauti na joto lisilo la lazima. Anayetumia jenereta aweke stabiliza katikati, maana volti hupanda ghafla mzigo mkubwa kwenye jenereta hiyo hiyo, kama mashine ya unga ya jirani, unapozimwa.

Ukinunua nje ya Kongo, Kigoma au Mpulungu, angalia plagi. Mara nyingi itakuja na meno matatu bapa, wakati soketi nyingi za Kongo ni za matundu ya duara. Nunua adapta imara huko huko, si ile nyepesi inayolegea na kutoa cheche. Uliza pia kama televisheni ina kipokezi cha setilaiti ndani. Ikiwa nacho, chaneli zisizolipiwa utazipata kwa dishi tu, bila dekoda.

Kwenye boti, katoni isimame wima, isilazwe, wala isibebeshwe gunia la unga au ndagala. Ifunge kwa plastiki nene hata kama ziwa limetulia, na uiweke mbali na injini. Ukifika, iwashe siku hiyo hiyo, mchana, kwenye ule ukuta ulioupima. Weka picha nyeupe tupu ukague madoa, kisha nyeusi tupu ukague nyufa za mwanga pembeni. Ukiona kasoro, piga picha na umtumie muuzaji kabla boti haijarudi. Katoni usiichome: kama kuna dhamana, kioo kitasafiri tena ndani yake.